Kisu Juu ya Kaunta

4 Machi

Mdogo wangu Sonara,

Salamu nyingi, na pole iwe juu ya salamu. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimia. Presha yake inapanda na kushuka. Ikishuka ananigombeza, ikipanda ananigombeza zaidi. Wanangu, ambao ni wanao, wote wawili wako shule. Mkubwa amefeli hesabu tena na anasema kosa ni la mwalimu. Mimi bado ni mkuu wa zamu hapa getini kwenye kiwanda cha mabati, na bado simu tunaziacha kwenye sanduku tukiingia. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea dereva wa lori la kiwanda, yule mwenye kitambi, anayeshusha mabati mtaa wa pili kutoka dukani kwako. Ukijibu mpe yeye. Tena wakili wako amesema mambo haya yasizungumzwe kwenye simu, nami nakubaliana naye, jambo ambalo halijanitokea kwa wakili yeyote.

Habari nimezipata kwa baba mdogo. Jamaa kaingia dukani saa nane mchana na kisu mkononi, kazitaka pete za wateja, kazunguka kaunta akujie, ukamwahi. Risasi moja tu, ubavuni, na hakufika hospitali. Nilikaa kwenye kiti cha mlinzi nikacheka na kulia kwa pamoja. Umenitoa kimasomaso, mdogo wangu. Unakumbuka ulivyonibishia miaka sita iliyopita nilipokulazimisha uombe kibali? Ulisema mtu mwenye koleo na tupa mezani hana haja ya bastola. Nikakupeleka kule kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ukapiga makopo ya rangi mpaka ukanuna. Na nikakupa kanuni moja tu, nyingine zote nikaacha: hiki kitu hakitolewi kwa kutisha watu. Ukikitoa, piga. Leo ungekuwa wapi bila kanuni hiyo?

Sasa nisikilize kama kaka yako na kama mtu aliyevaa sare miaka kumi na minane. Maelezo uliyoandika polisi ndiyo hayohayo. Usiongeze, usipunguze. Baba mdogo anasema mpelelezi mwenyewe alikupa mkono. Jalada litalala, na likishalala litafungwa.

Nimewasimulia wenzangu wa zamu. Wamesema kumbe ukali ni wa ukoo mzima. Mbusu mama. Mwambie nitakuja likizo ikitoka.

Kaka yako,
Kamanda


2 Aprili

Kaka Kamanda,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe tisa ya mwezi uliopita. Dereva wako amepita mara tatu akiniuliza kama kuna mzigo wa bosi, nikaona haya.

Mama mzima. Miguu imevimba kidogo, masikio ni yaleyale, ukimwambia chai anakuletea chumvi. Anauliza utakuja lini kila akimaliza kula. Wageni ni wengi siku hizi na kila mgeni anasimuliwa. Anaanza na wewe, ile siku ya gari la fedha ulipomwangusha yule jambazi, kisha anakuja kwangu. Anasema amezaa watoto wawili na wote hawachezewi. Mimi huwa nakwenda jikoni.

Duka nililifunga siku tisa. Nilipofungua, majirani walikuwa wameshaosha sakafu kwa maji na sabuni, wamepanga kila kitu, hata koleo zangu wamezipanga kwa urefu. Nikashukuru. Jioni nikafagia kama ninavyofagia siku zote. Unajua baba alivyotulea: sakafu ya sonara haifagiliwi nje, kila chembe inaingia koponi, na mwisho wa mwezi vumbi linachomwa na kuoshwa ili dhahabu iliyodondoka irudi. Nikakusanya mpaka lile lililokauka katikati ya mbao, nikalimimina koponi, ndipo nikafikiri nimekusanya nini. Kopo liko chini ya meza. Mwezi wa tatu umeisha na sijalichoma. Nimeanza kopo jingine.

Kazi inakwenda vibaya. Pete ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi nimeichoma mara mbili kwenye maungio, kitu ambacho sijafanya tangu nikiwa mwanafunzi wa baba. Mwalimu hakulalamika. Hakuna anayenilalamikia sasa. Mama mmoja aliyeleta mkufu aliomba aushike mkono wangu, nikampa, akaushika kwa mikono yake miwili. Fundi viatu wa mlango wa jirani ndiye msemaji wangu. Anakaa na kiatu cha mtu magotini, msumari mdomoni, anawaeleza wapita njia kila kitu kuanzia mwanzo, na wengine wanakuja na viatu vizima wasikilize.

Nina swali moja tu, nawe ndiye mtu pekee ninayeweza kumuuliza. Yule uliyempiga siku ya gari la fedha, wewe baada ya pale ulikuwaje? Ulilala? Ulikula? Ilichukua muda gani? Niambie kwa urefu, usinifupishie.

Wasalimie wanangu. Mwambie mkubwa hesabu ni kukaa chini tu.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu Sonara,

Salamu. Huku mvua imeanza na kibanda cha getini kinavuja, kwenye kiwanda cha mabati. Nimepeleka malalamiko mara mbili. Wifi yako yuko likizo ya chumvi, daktari kamkataza, kwa hiyo nyumba nzima tumekatazwa. Mdogo amepata namba tatu darasani na sasa hatuna nafasi ya kupumua.

Hilo kopo lichome. Dhahabu ni dhahabu na vumbi ni vumbi. Ukiliweka chini ya meza unajiwekea kidonda cha kukwaruza kila siku. Na pete ya mwalimu ni uchovu tu. Funga duka wiki nzima, mpeleke mama kwa baba mdogo, mkale na kulala.

Swali lako nimelisoma. Mambo ya usingizi waulize madaktari, mimi ni mlinzi. Nilimpiga mkononi, akaanguka, kazi ikaendelea. Mtu akijiuliza sana hapigi tena, na asiyepiga anazikwa. Wewe ulikuwa kwenye haki yako, mtu alikujia na kisu, hapo pana la kufikiria? Mlio hai mna kazi ya kuishi.

Wakili anasema uchunguzi unafungwa mwezi wa sita. Tulia mpaka hapo.

Kaka yako,
Kamanda


11 Mei

Kaka Kamanda,

Shikamoo. Mama mzima, anakohoa kidogo. Nimempeleka kwa baba mdogo kama ulivyosema, akakaa siku mbili, akasema kitanda cha kule kina mabonde, akarudi.

Umeandika mkononi. Mama anasimulia paja. Kwenye harusi yako ulisema bega, nilikuwepo, nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Sikuandikii ili nikubane. Nimechoka, na nimeona niseme nilichoona.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, aliingia mama mmoja wa makamo, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaweka mkoba magotini. Nikadhani ana hereni ya kutengeneza. Nikamwambia karibu, nionyeshe. Akasema, "Mimi ni mama yake." Sikuuliza wa nani.

Akasema hakuja kugombana. Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwanangu alikuwa mwizi. Aliniibia redio, akaniibia blanketi, siku moja nilirudi nikakuta ameng'oa mlango wa choo ameuza. Kuiba kwake nilishakubali. Lakini mtaani wanasema alitaka kukuchinja. Kwenye mazishi tulikuwa watu saba. Hilo la kutaka kuua mtu ndilo linalonishinda, kwa sababu simjui mtoto huyo. Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Alikujia?"

Nikamwambia alinijia. Nikamwambia alizunguka kaunta na kisu mkononi. Maneno yaleyale ya polisi, yalitoka yenyewe.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia." Alinishukuru, kaka. Akaondoka, akafunga mlango taratibu ili kioo kisigonge.

Sasa nakwambia wewe. Aliingia, akatoa kisu, cha jikoni, mpini umefungwa waya. Akasema, "Mama, usipige kelele." Akafungua kabati la kioo akavuta trei ya pete. Unaijua trei ile, kila pete imekaa kwenye kishimo chake, haichopoki kwa mkono mmoja. Alijaribu, ikamshinda. Akakiweka kisu juu ya kaunta, upande wangu, kama mteja anavyoweka miwani yake, akaanza kuchopoa kwa mikono miwili. Kisu kilikuwa karibu na mimi kuliko yeye. Ningeweza kukichukua. Badala yake nikafungua droo nikaitoa bastola.

Akaiona. Akaziachia pete, nyingine zikadondoka, akasema, "Basi, basi," akageuka kuelekea mlangoni. Uwazi wa kaunta yetu uko upande uleule wa mlango wa kutokea, ndiyo maana polisi waliamini kwamba ananijia, na jeraha la ubavuni halisemi mtu alikuwa anaelekea wapi. Kaka, nilikuwa nimeshaitoa. Nilikumbuka kanuni, nikaitii. Wala sitakudanganya kwamba niliogopa. Kabla ya kuitoa niliogopa. Nilipokwisha kuitoa hofu ilitoka. Yeye ndiye aliyekuwa anaogopa.

Aliyefika kwanza ni fundi viatu. Akaangalia chini, akaangalia kaunta, akaniangalia mimi. Akakishika kisu kwa kitambaa chake cha kung'arishia, akakiweka karibu na mkono wa yule kijana. Akasema, "Ulikuwa unajitetea, umesikia?" Nikasema ndiyo. Polisi walipokuja nilikuwa nimeshasema ndiyo mara moja, ya pili haikuwa ngumu.

Hakuna mwingine anayejua haya ila sisi watatu. Nataka kwenda kusema. Nimekuandikia kwanza kwa sababu mama atabaki na nani kama nikifungwa, na kwa sababu hukujibu swali langu.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma chooni, nikaichana, nikaimwagia maji. Nawe usiniandikie tena mambo kama hayo.

Nani amekuuliza? Polisi hawajauliza. Wakili hajauliza. Amekuuliza mama mmoja, na umeshamjibu, naye ameridhika na ameshukuru. Unataka umrudie umwambie nini, akafurahi? Kijana hatafufuka. Alikuja na kisu, hakuja na maua. Kisu kuwa mkononi au kuwa sentimita ishirini kutoka mkononi ni hesabu za watu waliokaa kwenye viti. Angeweza kukigeukia. Huwezi kujua.

Mfikirie mama. Ana miaka sabini na sita na hasikii. Atakuja gerezani kukuona ashike foleni na ile miguu? Mfikirie na fundi viatu, ana watoto wanne, alikufanyia wema, nawe unataka kumlipa kwa pingu. Ukitaka kutubu, tubu ndani ya moyo wako.

Kuhusu paja na bega, watu wakisimulia sana wanachanganya.

Nakuamuru kama kaka yako mkubwa, na nisipoweza kukuamuru, nakuomba. Usiende.

Kamanda


20 Juni

Mdogo wangu,

Wiki tatu kimya. Dereva amepita kwako mara mbili, mara zote amerudi mikono mitupu. Ya kwanza alisema duka limefungwa. Ya pili alisema duka liko wazi, ulimpa maji ya kunywa, ukamwambia mzigo haupo. Wifi yako ameniuliza nina nini. Nimemwambia ni kibanda kinavuja.

Naandika hii nikiwa nyumbani, watoto wako shule, wifi yako kaenda kliniki. Nimeanza kuandika mara nne. Nitaiandika moja kwa moja, na ukimaliza uniite jina lolote.

Siku ya gari la fedha sikumpiga mtu. Si paja, si bega, si mkono. Tulikuwa tumesimama nje ya tawi la benki, wenzangu wameingia ndani na masanduku, mimi nimebaki nyuma ya gari. Wakaja wawili. Mmoja alikuwa na panga. Niliitoa bastola. Yule wa panga akaiona, akatupa panga chini, akakimbia, na mwenzake akakimbia upande mwingine. Nikabaki nimeinyoosha kuelekea mgongo wa mtu anayekimbia. Kidole kilikuwa mahali pake. Sikubonyeza. Nikairudisha kiunoni, nikaenda upande wa pili wa gari nikatapika mpaka nyongo. Wenzangu walipotoka waliona panga chini, wakaniuliza, nikasema nimewafukuza. Ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa imetosha.

Nyumbani baba aliniuliza ukapiga? Aliniuliza kwa macho fulani. Tangu nimekataa kukaa mezani kwake kujifunza usonara alikuwa hajanitazama kwa macho yale. Nikasema nimepiga. Alininunulia suti. Baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma, na kila mwaka jambazi alikuwa anaumia zaidi.

Ile kanuni sikuisoma popote. Mkufunzi wetu alisema kinyume. Alisema hata ukiitoa bado una nafasi nyingi za kutopiga, usizitupe. Nilitunga mimi, kwa sababu mtu aliyepiga ndivyo anavyoongea, nami nilikuwa naongea kama mtu aliyepiga. Nikakupeleka machimboni nikakufundisha uongo wangu. Wewe ukaamini kwa sababu hunijui kama mwongo. Ungekuwa umefundishwa kilichotokea kweli, ungekaa na kitu hicho mkononi, angetoka mlangoni, na leo ungekuwa unamtukana kwa pete zilizodondoka.

Kwa hiyo sikiliza. Aliyeua ni mimi. Nitakuja na nitakwenda na wewe kwa huyo mpelelezi, nitamwambia hivyohivyo. Mzigo huu si wako. Nisubiri tu.

Kaka yako


6 Julai

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Mwambie wifi nimepata ile dawa aliyoulizia, nimempa dereva, iko ndani ya mfuko wa kaki. Mkubwa akifeli tena nitumie daftari lake nilione, usimpige.

Barua yako imefika baada ya mambo kwisha. Nilikwenda polisi tarehe kumi na nne Juni, siku sita kabla hujashika kalamu. Nilitangulia kumwambia fundi viatu, nikaona si haki asikie kwa askari. Alikuwa anashona soli. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilikuwa nakusaidia." Nikasema najua. Akasema, "Basi ungeniacha nikusaidie." Tangu siku hiyo amegeuza kiti chake, anatazama upande wa pili wa barabara, na salamu zangu haitikii. Ameitwa mara mbili kuandika maelezo. Sijui watamfanya nini, na kila nikisikia nyundo yake naona ahueni kwamba bado yupo.

Mpelelezi yule aliyenipa mkono alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kuna mtu amenitishia. Akafunga kalamu yake, akasema, "Mama, mimi nilikuwa nimeshamaliza." Alisema kwa kuchoka, nikamwonea huruma. Kisha akaifungua tena akaandika upya. Nimeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Niko nje kwa dhamana ya baba mdogo, bastola wamechukua na kibali wamechukua. Kesi inaanza tarehe kumi na mbili Agosti. Wakili hanisemeshi ila kwa karatasi.

Mama nimemwambia. Nilimkalisha dirishani palipo na mwanga aone mdomo wangu, nikasema polepole. Alisikia mara ya kwanza. Akaomba nimkande miguu, nikamkanda. Wageni wakija sasa anawauliza habari za kwao.

Ya kwako nimeyasoma mara tatu. Nilitafuta hasira ya kukuandikia nikakuta haipo ya kutosha, labda itakuja baadaye, usije ukashangaa. Nimelia kidogo kwa ajili yako, ulivyokuwa upande wa pili wa lile gari peke yako, na kwa ajili ya baba na suti yake. Laiti ungenisimulia hilo la kutapika. Lakini usiandike tena kwamba aliyeua ni wewe. Machimboni ulinifundisha uongo, na hilo ni lako, utalibeba. Dukani hukuwepo. Nilimwona ameachia pete. Nilimsikia anasema basi. Nilikuwa na muda, kaka, muda wa kuvuta pumzi, na niliutumia. Ukinichukulia hilo nitabaki mtu aliyefanyiwa jambo, na sikufanyiwa, nilifanya. Njoo Agosti useme mahakamani ulichonifundisha na kwamba ulikitunga, useme hicho tu, kisha ukae.

Lililobaki ni yule mama. Nilikwenda kwake Jumamosi iliyopita. Anakaa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga, unga umekaa mpaka kwenye majani ya mlangoni. Hakushangaa kuniona. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani. Nikamwambia nilimdanganya, kisha nikamwambia yote: kisu kilikuwa wapi, mikono yake ilikuwa wapi, mimi nilikuwa wapi.

Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anatoka."

Nikasema alikuwa anatoka.

"Na alisema basi."

"Alisema basi. Mara mbili."

Kinu kilikuwa kinasaga, tukakaa kukisikiliza mpaka kikazimwa. Kulikuwa na rundo la nguo za kiume pembeni, suruali mbili na mashati, chafu. Aliziangalia nami nikaziangalia. Akasema, "Tangu Februari namkasirikia mwanangu. Hata nguo zake nimekataa kuzifua. Sasa yeye nitamwacha. Kuanzia leo nitakukasirikia wewe."

Hakupaza sauti. Nikamwambia sawa. Akainuka, akachukua beseni, akaanza kuzitia zile nguo moja moja, mimi nikasimama pale sijui niage vipi, mpaka aliponiambia nimpishe mlangoni akachote maji.

Mdogo wako